Sajenti wa akiba na kaunta buku lake

Ukisafiri na mjomba wangu usitegemee gari kuondoka kabla hajahesabu watu. Mwaka juzi tulikuwa tunatoka Mwanza kwenda msibani Magu, Kosta imejaa mashangazi na mabeseni na masufuria ya kukodi, dereva kashawasha gari anakanyaga mafuta tujue ana haraka, mzee kasimama mlangoni na fimbo yake anasema haya hesabu namba. Vijana wakaanza kucheka. Mimi namjua, nikapiga moja, shangazi nyuma yangu mbili, ikaenda hivohivo mpaka siti ya nyuma, ishirini na sita. Akasema tulikuja ishirini na saba, hesabu tena. Tukahesabu tena, ishirini na sita. Kumbe binamu mmoja alikuwa bado yuko kwenye genge anabishana na mtu bei ya sangara, na kusema kweli tungemuacha, maana kila mtu alijua yuko na mwenzake.

Huyo ndo mjomba. Ana miaka sabini na kitu, mfupi, sikio la kushoto halisikii vizuri, na kijijini hata watoto wadogo wanamwita Sajenti. Mke wake akiwa na hasira naye anamwita hivo hivo ila kwa sauti ingine. Alikuwa mwanajeshi wa akiba, yaani mgambo, tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na moja hadi magoti yalipokataa, zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo sehemu kubwa hakulipwa chochote.

Sasa nikisema mgambo mbele ya watu wa mjini nawaona usoni. Wanakumbuka wale wanaomwaga ugali wa mama ntilie na kukimbizana na machinga wamebeba ndoo za matunda. Nimechoka kueleza lakini naeleza tena hapa. Wale ni mgambo wa jiji, wanaajiriwa na halmashauri kusimamia sheria ndogondogo, na wengi wao kweli walipita mafunzo ya mgambo kwanza, ndo maana jina likawafuata. Mgambo ninaowaongelea mimi ni Jeshi la Akiba, raia waliofundishwa kijeshi, wako nyumbani wanalima pamba na kuvua na kufundisha shule za msingi, na siku nchi ikiwahitaji wanaitwa. Kila wilaya ina afisa wa JWTZ anayeitwa Mshauri wa Mgambo, kazi yake ni kuwafundisha na kujua wako wapi. Na neno lenyewe lina umri mkubwa kuliko hilo jeshi, mgambo ni ule wito wa watu wote wa mji uliopigwa kwa baragumu ya pembe. La mgambo likilia kuna jambo. Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani methali hiyo inamhusu mjomba, maana alikuwa na filimbi.

Yeye alianza 1972. Mwaka mmoja kabla, Januari 1971, Idi Amin alikuwa amempindua Rais Obote pale Kampala, na miezi miwili mitatu kabla ya hapo Wareno walivamia Guinea kupitia baharini wakitaka kuiondoa serikali ya Sekou Toure. TANU ikatoa Mwongozo wa 1971, na ukiusoma leo utakuta ulinzi umeongelewa kwa uzito sana, kwamba nchi isitegemee jeshi peke yake, wananchi wenyewe wafundishwe kuilinda. Lazima pia walikumbuka Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi pale kambi ya Colito, Dar es Salaam, ikabidi Nyerere awaombe Waingereza waje kuwatuliza, aibu ile, jeshi lile likavunjwa na JWTZ ikaanza upya Septemba mwaka huohuo. Nchi iliyowahi kutishwa na askari wake wenyewe ikaamua kumpa kila mkulima bunduki. Nikilifikiria hilo huwa naona ni ujasiri wa ajabu, au labda mahesabu mazuri tu, sijui.

Lakini bunduki zenyewe hazikuwepo za kutosha bwana. Mjomba anasema wiki za kwanza walikula kwata na fimbo za mti zilizochongwa mfano wa bunduki, uwanja wa shule ya msingi, saa kumi na moja alfajiri, halafu kila mtu anaenda shambani kwake. Aliyewafundisha alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa KAR, jeshi la mkoloni, amekwenda Burma na akarudi, na huyo mzee alikuwa na mambo mawili tu kichwani: miguu ishuke pamoja, na watu wahesabiwe. Asubuhi wanahesabiwa, wakitoka mtoni wanahesabiwa, wakimaliza kula wanahesabiwa. Mjomba alikuwa anajua kusoma na kuandika vizuri, darasa la saba halali, mzee akampa kaunta buku na kalamu ya risasi akamwambia wewe utakuwa koplo. Ndo alivyopanda cheo. Hakuna sherehe.

Hapo niweke jambo moja pembeni, maana linanifurahisha. Wakati wa mkoloni Mwafrika kwenye KAR hakuwa afisa, unapanda unapanda unaishia usajenti, usajini meja, na miaka ya mwishomwisho ndo wakaleta cheo cha efendi, si afisa si sajenti, kitu cha katikati cha kukutuliza. Neno hilo ni la Kituruki, na ndo kaka yake hili neno afande tunalomwitia kila mwenye magwanda mpaka leo. Idi Amin alikuwa sajenti wa KAR akaupata uefendi 1959. David Musuguri wa Butiama naye alitokea KAR hiyohiyo, aliingia 1942. Miaka ikapita, mmoja akawa rais wa Uganda aliyejipa nishani hadi shati linashuka, mwingine akawa ndiye kamanda wa divisheni iliyokwenda kumng'oa. Kwa hiyo ukitaka unaweza kusema vita ya Kagera ilikuwa ugomvi wa masajenti wawili wa zamani. Mjomba hapendi nikisema hivo. Anasema Musuguri alibaki sajenti moyoni na yule mwingine hakuwahi kuwa.

Kabla ya vita kuna 1974, na 1974 mjomba haiongelei. Operesheni Vijiji. Mkoa wa Mwanza na Shinyanga watu walikuwa wanaishi mbalimbali, kila mtu na boma lake na ng'ombe wake, wakaambiwa wahamie vijijini, na wasiohama walihamishwa, na waliokwenda kuwahamisha sehemu nyingi ni mgambo. Najua kwa bibi kwamba kuna nyumba zilitolewa paa ili wenyewe wasirudi, na kwamba mwanae mkubwa alikuwepo na kaunta buku lake, akiandika kaya. Nilimuuliza mara moja tu. Akasema, "Niliandika kila nilichoagizwa kuandika," akanyamaza, akaniomba nimuwekee chai ingine. Shangazi mmoja upande wa baba yangu, familia yao ilihamishwa msimu huo, hajawahi kukaa naye meza moja kwenye harusi hata leo. Mimi nawapenda wote wawili, sijui nifanye nini na hilo, naliacha hapo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka yakachukua ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera, yakaua watu, yakaswaga ng'ombe kwa maelfu, yakaharibu mitambo ya sukari, na tarehe 3 Novemba wakalipua daraja la Kyaka, Amin akatangaza kwamba mpaka sasa ni mto. Siku moja kabla ya daraja kulipuliwa Mwalimu alikuwa ameongea na wazee wa Dar es Salaam, ile hotuba kila Mtanzania anaijua hata aliyezaliwa juzi, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mjomba aliisikia kwenye redio ya mwalimu mkuu, uwanjani, kijiji kizima kimekaa chini. Anasema watu walishangilia na yeye alikuwa anawahesabu. Siku hiyo alikuwa na mgambo arobaini na wanne wenye mafunzo kamili kijijini, akaanza kuwaondoa mmojammoja kichwani: huyu mke wake ana mimba, huyu anakohoa damu, huyu ni mtoto wa pekee wa mjane. Wilaya ilipoita alikuwa na orodha tayari.

Nchi iliita mgambo wapatao elfu arobaini, jeshi likapanda kutoka kama askari elfu arobaini likapita laki moja na nusu ukijumlisha na magereza na polisi na JKT. Fikiria wewe, maana yake ni kwamba kwenye kila askari wanne hivi, mmoja ni mkulima ambaye wiki iliyopita alikuwa anapalilia. Waliondoka Magu kwenye lori la kubebea pamba, nyuzi za pamba bado ziko kwenye mbao, wakapitishwa mafunzo ya haraka, wakapewa bunduki za ukweli, SAR kwanza na baadaye wengine SMG, na kutoka Mwanza wakavuka ziwa usiku kwa meli hadi Bukoba. Nusu yao hawakuwahi kupanda meli. Walitapika usiku kucha. Mjomba ndo alipewa V ya tatu kule kambini, sajenti wa platuni, watu thelathini na mmoja, na juu yake luteni wa miaka ishirini na tatu ambaye hakuwahi kuwa na ng'ombe. Hiyo ya ng'ombe anaisema kila mara kama kasoro kubwa.

Nilikulia kwenye hadithi zake za vita na zote zilikuwa za kuchekesha. Jinsi mmoja wao alivyobeba godoro kutoka Masaka akiapa atalifikisha Magu. Jinsi walivyofundishwa maneno ya Kiganda na wanawake waliowapigia vigelegele na kuwapa matoke na wao wanaulizana hizi ndizi mbona hazina utamu. Jinsi Waganda walivyoipa ile mizinga ya maroketi jina la Saba Saba. Miaka yote nilidhani vita ilikuwa kama safari ya shule yenye baruti.

Ya Lukaya alinisimulia 2019, umeme umekatika, tumekaa nje na mbu.

Ramani kwanza. Masaka ilishatekwa Februari 24, Mbarara siku iliyofuata, na barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala ikifika Lukaya inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi, mafunjo kulia mafunjo kushoto, huwezi kwenda pembeni. Brigedi ya 201 ndo ilipewa kutangulia, na Brigedi ya 201 karibu yote ilikuwa mgambo, watu ambao walikuwa hawajapigana vita kubwa hata moja. Upande wa pili Gaddafi alikuwa amemtumia Amin askari wake na vifaru vya T-55 na mizinga ya maroketi ya BM-21. Na hapa ndo pananiumiza kichwa mpaka leo: wengi wa wale Walibya nao walikuwa mgambo. Wanamgambo wa Libya, raia waliopewa mafunzo, wamepandishwa ndege, wengine bila kuelewa vizuri wanakwenda wapi. Kwa hiyo jioni ya Machi 10, 1979, kwenye tuta moja la kinamasi Uganda, wamekutana mkulima wa pamba wa Magu na labda muuza duka wa Benghazi.

Maroketi yakaja. Mjomba anasema sauti yake ni kama mtu anachana bati la paa zima kutoka huku hadi kule, juu ya kichwa chako. Yakapita. Yalilengwa mbali mno, yakaangukia nyuma yao, na vitabu vya vita hiyo navyo vinasema hivohivo, yaliwapita juu. Lakini mtu ambaye hajawahi kusikia kitu kama hicho hajui kwamba kimempita. Brigedi ikavunjika. Watu wakakimbia kurudi nyuma barabarani, wengine wakajitupa kwenye mafunjo, wengine wakaacha buti kwenye matope.

"Na mimi nilikimbia," akasema. "Mjomba, siku ukiandika usije ukaandika kwamba nilisimama."

Nikamwambia sitaandika. Akanyamaza kidogo, akaua mbu shingoni. Alikimbia, hajui umbali gani, mpaka akajikwaa kwa mtu amekaa katikati ya barabara analia kwa sauti kama mtoto, mmoja wa watu wake, kinyozi wa pale Kisesa. Akakaa naye. Akapapasa kifuani kutafuta sigara, kwenye mfuko wa shati akakuta kaunta buku, amelikunja mara mbili kama kawaida yake. Anasema hakuwaza nchi wala Mwalimu wala ushujaa wowote. Aliwaza tu kwamba asubuhi luteni atamuuliza sajenti una wangapi, na yeye hajui. Kitu hicho kikamtisha kuliko roketi.

Basi akaanza kuzunguka. Giza, huwezi kuwasha tochi, huwezi kupiga kelele maana adui yuko mbele na hujui amefika wapi, na wenzako wenyewe wameshikwa hofu watakupiga risasi. Akawa anatambaa kwenye kingo za tuta anaita majina kwa sauti ya chini, na anaita kwa Kisukuma, kwa sababu aliona Mganda atajifanya Mswahili lakini hakuna Mganda wala Mlibya atakayeitikia Kisukuma cha Magu. Mmoja aliitika kutoka ndani ya maji, kichwa tu kiko nje. Wawili walikuwa wamepanda juu ya lori lililokwama. Akimpata mtu anamshikisha mkanda wa aliyetangulia, wanatembea mstari kama vipofu. Saa nane usiku alikuwa na kumi na tisa. Kabla ya mapambazuko ishirini na nane. Na anasema yeye hakuwa peke yake kabisa, kando yote ya ile barabara ulikuwa unasikia masajenti na makoplo wa platuni zingine wakinong'ona majina, Kihaya huku, Kijita kule, Kikurya kule, kama watu wanasali rozari.

Usiku huo adui hakusonga. Nyuma huko makamanda walikuwa wanahangaika kuipanga upya Brigedi ya 201, na Brigedi ya 208 ikaambiwa izunguke itokee kwa nyuma upande wa Kampala. Alfajiri ya Machi 11 wakashambulia kutoka pande mbili, na wale waliokimbia jioni ndo walikuwa upande mmojawapo. Walibya kama mia mbili walikufa pale. Watanzania waliokufa hawakufika hata kumi. Vita ya Lukaya ukiisoma utaikuta ni kurasa chache, mgambo waliingiwa na hofu wakakimbia, usiku wakakusanywa upya, asubuhi wakapigana. Wakakusanywa upya. Maneno mawili tu hayo.

Watatu waliobaki wakapatikana mchana, wawili walikuwa wamejiunga na kikosi kingine na mmoja alikuwa amelala usingizi mzito chini ya mgomba, hajasikia lolote la asubuhi. Thelathini na mmoja. Kampala ikaanguka Aprili 11, mwezi mmoja kamili baadaye, na platuni ikafika nzima, na homa za malaria tu. Mtu aliyempoteza alimpoteza wakati wa kurudi, si vitani. Lori liliacha njia likapinduka, mchana kweupe, dereva kachoka. Alikuwa ni yule wa godoro. Kwenye kaunta buku, kwenye mstari wake, siku hiyo na siku zote zilizofuata mpaka ukurasa unaisha, mjomba ameandika hayupo, hayupo, hayupo, kama vile ni mtoro. Nilimuuliza kwanini hakuandika amefariki. Akasema daftari lina safu tatu, yupo, hayupo, mgonjwa, hakuna ingine.

Godoro lilifika. Alilipeleka mwenyewe kwa mama wa marehemu, Ngudu, na kwa miaka karibu kumi kila msimu wa kulima alikuwa anakwenda siku mbili kumpigia jembe yule mama.

Baada ya vita wenzake kadhaa walibaki jeshini moja kwa moja. Yeye hakutaka, akasema bibi yuko peke yake na shamba. Akarudi kwenye nchi ile ya kufunga mkanda, Mwalimu alisema miezi kumi na nane, ile mikanda sidhani kama imeshafunguliwa, sabuni hakuna, sukari hakuna, na silaha zilizozagaa baada ya vita zikaanza kutumika kuiba ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya themanini huku Usukumani wakaanza sungusungu, na sungusungu wakamtaka mjomba awe kamanda wao kwa sababu ameona vita. Aliwakatalia ukamanda akakubali kuwafundisha doria, sharti lake moja hakuna mtu kupigwa kabla ya jina lake kuandikwa. Anasema sharti hilo lilikaa wiki tatu. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa na sungusungu wakapewa uwezo wa kukamata kama mgambo, na yeye akaona sasa afadhali kuna karatasi.

Miaka iliyobaki ni uwanja wa shule. Kila mafunzo yakitangazwa katani, miezi minne hivi, yeye yupo na filimbi. Kwata, silaha ndogondogo, usomaji wa ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza, na siku ya kufunga anakuja mkuu wa wilaya anakagua gwaride, anahutubia, anaondoka. Tangu miaka ya tisini vijana walikuja kwa sababu nyingine kabisa, kampuni za ulinzi zinataka cheti cha mgambo au JKT ndo upate kazi ya kulinda benki na mageti ya watu. Wazee wenzake walilalamika kwamba siku hizi watu wanafuata ajira na sio nchi. Mjomba hakulalamika. Alisema na sisi 1972 tulifuata buti.

Yeye mwenyewe naye alilinda geti, miaka sita, Mwanza mjini, kampuni sitaitaja, miezi miwili ya mwisho hawakumlipa na hadi leo hajalipwa. Alikuwa analinda usiku peke yake. Nilimuuliza ulikuwa unahesabu nini sasa, akasema magari.

Pensheni hana. Kwa akili ya kawaida hawezi kuwa nayo, hakuajiriwa, alikuwa akiba, na ukiangalia neno lenyewe, akiba ni ile debe ya mtama unayoificha darini, hakuna anayeilisha. Wakubwa wanasema akiba haiozi. Mimi nimeona magoti yake. Aliwahi kufuatilia mara moja, akaenda ofisi moja na namba yake inayoanza na MG imeandikwa kwenye kadi iliyochakaa, kijana pale akaandika kwenye fomu kwamba afike baada ya wiki mbili. Alikwenda baada ya wiki mbili, yule kijana alikuwa likizo. Hakurudi tena. Nilikasirika kuliko yeye. Aliniambia yule mtoto alikuwa na adabu, alinipa kiti.

Mwaka 2024 redio ilipotangaza kwamba Jenerali Musuguri amefariki, miaka mia moja na minne, mjomba alikuwa anakula. Akanawa mikono, akainuka, akasimama wima pale pale kati ya kuku na majirani, mikono imenyooka, suruali ya kaunda suti inamvuka kidogo, akasimama mpaka taarifa yote ikaisha na tangazo la sabuni likaanza. Kisha akakaa akamalizia ugali.

Kaunta buku mchwa wamekula kona yake ya chini, kwa hiyo majina manne ya mwisho yamebaki nusu. Niliomba nilipige picha kwa simu kila ukurasa, akakubali, lakini alikaa pembeni yangu muda wote akihesabu kurasa ninazofungua, na nilipomaliza akalichukua akalirudisha kwenye sanduku la bati akafunga kufuli. Nilipomuuliza kama anakumbuka yale majina yaliyoliwa akayataja yote manne na vijiji vyao.

Mara ya mwisho kwenda kumsalimia nilimkuta hayupo nyumbani. Shikamoo yangu nikampa mke wake, akanionyesha kwa mdomo upande wa shule. Mafunzo mapya yalikuwa yameanza siku hiyo, vijana kama tisini, mabinti wengi safari hii, mkufunzi ni koplo wa JWTZ mrefu mwenye sauti kama spika ya msikiti. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, fimbo katikati ya magoti, hakuna aliyemwalika. Nikakaa pembeni yake. Koplo akawapanga mistari mitatu akawaambia wahesabu namba, ikaanza moja kule mbele ikawa inakimbia kwenye mstari, wanapiga kelele wanacheka, ikafika mwisho, koplo akaridhika akageuka kuendelea.

"Binti wa pili kutoka mwisho hakusema namba," mjomba akaniambia, taratibu, bila kutoa macho uwanjani. "Aliyefuata kamrukia." Kisha akaegemea fimbo yake akaanza kuinuka.

Nikamwambia mjomba kaa, sio kazi yako leo. Lakini tayari alikuwa anavuka mstari wa chokaa.